Jinsi ya Kutabiri Mechi za Raundi za Mwanzo Wimbledon: Mwongozo Kamili

Utabiri wa wasomaji wengi kuhusu Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi yanayochezwa kwenye nyasi London, huvunjika mahali palepale kila mwaka: raundi ya kwanza. Mtu anachukua orodha ya ubora wa dunia, anamchagua mwenye namba ya juu katika kila mechi, anaunganisha mechi nane kwenye mkeka mmoja, na ikifika Jumanne jioni hana kitu. Mwaka 2025 wachezaji 23 kati ya 64 waliopewa nafasi za juu kwenye droo za wanaume na wanawake walitolewa raundi ya kwanza. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja.

Orodha ya ubora hujumlisha matokeo ya wiki 52, na mengi yake yamepatikana kwenye udongo na viwanja vigumu. Raundi ya kwanza Wimbledon inauliza swali lingine: nani yuko tayari kwa nyasi, wiki hii, dhidi ya mtu huyu? Mwongozo huu unakufundisha kulijibu kwa asilimia, maana jina peke yake halitoshi.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Droo kamili ya wachezaji 128. Hupangwa Ijumaa kabla ya mashindano.
- Matokeo ya mchujo unaochezwa Roehampton, London, kabla ya mashindano yenyewe, raundi zote tatu.
- Matokeo ya mashindano ya nyasi ya Juni. Kwa wanaume: Stuttgart, 's-Hertogenbosch, Halle, Queen's, Eastbourne na Mallorca. Kwa wanawake: 's-Hertogenbosch, Queen's, Nottingham, Berlin, Bad Homburg na Eastbourne.
- Takwimu za mechi kutoka tovuti za ATP (tenisi ya wanaume) na WTA (ya wanawake), hasa pointi zilizoshindwa kwenye sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, na kwenye kurudisha sevu.
- Alama za Elo za nyasi, yaani alama za uwezo zinazopanda au kushuka kulingana na nani amemshinda nani. Tovuti ya Tennis Abstract huzitoa kwa wanaume na wanawake.
- Ratiba ya siku, ambayo hutoka jioni ya kuamkia mechi.
- Daftari au jedwali la kompyuta lenye safu sita: mechi, asilimia ya kuanzia, marekebisho, sababu, asilimia ya mwisho, matokeo.

Tenga dakika 20 kwa kila mechi. Mechi 64 za kila droo kwa siku mbili ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Chagua 10 au 12 uzifanye vizuri.

## Hatua ya 1: Soma droo na uweke alama

Kati ya wachezaji 128, kwa kawaida 104 huingia kwa nafasi zao duniani, 16 hutoka kwenye mchujo na 8 hupewa mwaliko. Wachezaji 32 wa juu, ambao hapa tutawaita vinara, hutenganishwa ili wasikutane kabla ya raundi ya tatu. Kwa hiyo raundi mbili za mwanzo kila kinara anacheza na mtu asiye kinara, na kwa macho kila mechi inaonekana nyepesi.

Weka alama tatu kwenye droo: M kwa aliyetoka kwenye mchujo, K kwa aliyepewa mwaliko, na B kwa aliyeshindwa kwenye mchujo kisha akaingia kwa sababu mtu mwingine amejitoa. Halafu zungushia kila kinara aliyepangwa na mtu wa M. Anza na mechi hizo.

Tangu 2021 vinara wa wanaume Wimbledon hupangwa kwa orodha ya ubora ya kawaida, bila hesabu ya ziada ya nyasi iliyokuwepo zamani. Namba iliyo mbele ya jina haisemi chochote kuhusu uwezo wa mtu kwenye nyasi.

*Umefanikiwa ukiwa na:* orodha fupi ya mechi zako, kila jina likiwa na alama ya namna lilivyoingia.

## Hatua ya 2: Weka asilimia ya kuanzia

Chukua Elo ya nyasi ya mchezaji mmoja, toa ya mwenzake. Tofauti ya alama 100 inampa mwenye nyingi takriban asilimia 64. Tofauti ya 200 ni asilimia 76, na 300 ni 85. Kama hakuna tofauti, ni 50 kwa 50.

Asilimia hizi ni za mechi ya seti tatu. Wanawake waache walivyo. Wanaume wanacheza seti tano, na urefu humsaidia aliye bora kwa sababu siku mbaya inapata muda wa kurekebishika. Badilisha hivi:

- 60 inakuwa 62
- 70 inakuwa 74
- 80 inakuwa 85

Wanaosahau badiliko hili huwapa wanaume wenye Elo ndogo matumaini makubwa kuliko wanavyostahili.

Tahadhari: mchezaji mwenye mechi chache za nyasi maishani ana Elo ya nyasi isiyoaminika. Akiwa na chini ya mechi 15, changanya nusu kwa nusu na Elo yake ya viwanja vyote.

## Hatua ya 3: Pima utayari wa nyasi

Hapa ndipo utabiri mwingi hushinda au kushindwa, kwa hiyo usiharakishe.

Kati ya fainali ya mashindano makubwa ya udongo ya Paris na Wimbledon kuna wiki tatu tu. Mchezaji anatoka kwenye udongo ambako mpira unaruka juu na anateleza kuufuata, anaingia kwenye majani yaliyokatwa milimita 8 ambako mpira unabaki chini na hatua lazima ziwe fupi. Magoti na muda wa kupiga hubadilika. Mazoezi husaidia, lakini mechi husaidia zaidi.

Hesabu vitu vitatu kwa kila mchezaji: amecheza mechi ngapi za nyasi mwezi huu, amewashinda nani, na mechi ya mwisho ilikuwa lini.

Mfano mzuri ni wa 2025. Coco Gauff alitwaa ubingwa wa Paris, akacheza mechi moja tu ya nyasi huko Berlin na kuipoteza. Raundi ya kwanza Wimbledon alipangwa na Dayana Yastremska, ambaye hakuwa kinara lakini alikuwa amefika fainali Nottingham mwezi huohuo. Yastremska alishinda 7-6, 6-1. Aliyetazama orodha ya ubora aliona namba 2 wa dunia. Aliyehesabu mechi za nyasi aliona hatari.

Marekebisho tunayopendekeza:

- Hana mechi hata moja ya nyasi mwaka huu: toa pointi 4 au 5.
- Ana mechi 3 hadi 6, na ameshinda angalau nusu: usibadilishe kitu.
- Ametoka kwenye mchujo kwa ushindi mara tatu: ongeza 2 au 3. Ameshauzoea mpira, hewa ya London na nyasi, wakati kinara huenda bado anautafuta mdundo wake.
- Amecheza fainali Ijumaa au Jumamosi ya kuamkia Wimbledon: toa 2 au 3.

Hilo la mwisho watu hulipinga, kwa kuwa kutwaa taji kunaonekana kama sifa tupu. Mwaka huohuo wa 2025 Jessica Pegula alichukua ubingwa wa Bad Homburg Jumamosi kwa kumfunga Iga Swiatek, na Jumanne akatolewa na Elisabetta Cocciaretto 6-2, 6-3. Kusafiri, kupumzika na kuzoea uwanja mpya ndani ya siku mbili si jambo dogo.

Kinachoharibika hapa: kuhesabu ushindi wa mezani kama mechi. Mpinzani akijitoa kabla ya kuanza, hakuna mpira uliopigwa. Fungua kila matokeo uone alama za seti.

## Hatua ya 4: Linganisha sevu na urudishaji

Acha kutazama idadi ya sevu zisizoguswa. Inapendeza macho lakini haielezi mengi. Tazama asilimia ya pointi ambazo mchezaji anashinda akiwa anasevu, zote kwa pamoja. Akishinda 60 kati ya 100, atashika (yaani atashinda) gemu anazosevu kiasi cha asilimia 74. Akifika 65, anashika asilimia 83. Akifika 70, ni 90. Ongezeko dogo la pointi huzaa tofauti kubwa ya gemu.

Kisha gawanya pointi anazoshinda kwenye kurudisha kwa pointi anazopoteza kwenye sevu yake. Mtu anayeshinda 38 akirudisha na kupoteza 34 akisevu ana 38/34, yaani 1.12. Zaidi ya 1 maana yake anawazidi wapinzani wake. Chini ya 1 maana yake anaishi kwa taibreki (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6) na bahati. Tumia mechi za nyasi za mwaka huu na uliopita, na angalia ubora wa wapinzani: 1.12 dhidi ya wachezaji wa 150 duniani si sawa na 1.12 dhidi ya 30 bora.

Baada ya namba, tazama mikono. Maswali manne yanatosha:

Je, mmoja ni wa mkono wa kushoto? Anaposevu kutoka upande wa kushoto wa uwanja, mpira wake wa kukata hujipinda kwenda nje, kwenye mkono wa nyuma wa mpinzani anayetumia kulia. Kwenye nyasi mpira huo hauinuki. Unateleza chini na kumtoa mtu nje ya mstari, uwanja mzima ukabaki wazi. Pointi nyingi zinazoamua gemu huchezwa kutoka upande huo, kukiwemo kila pointi ya faida.

Je, kuna anayerudisha sevu akiwa mbali nyuma? Kwenye udongo anapata muda. Kwenye nyasi sevu ya pembeni inamkimbia kabla hajaifikia.

Je, kuna anayekunja sana kiganja kwenye mpigo wa mbele, au mwenye mzunguko mrefu wa mkono? Mpira wa chini humsumbua, na anachelewa.

Sevu ya pili ikoje? Kwa wanawake swali hili lina uzito kuliko yote. Gemu za kuvunja sevu, yaani zinazoshindwa na anayerudisha, ni nyingi kwenye tenisi ya wanawake, na mchezaji anayeshinda pointi chache za sevu ya pili anaweza kupoteza seti nzima haraka.

Wakikutana wawili wenye sevu nzito, sogeza asilimia yako kuelekea 50. Seti zinaishia kwenye taibreki, na ubora wa kinara hupungua thamani. Mwaka 2003 bingwa mtetezi Lleyton Hewitt alimpiga Ivo Karlović, aliyetoka kwenye mchujo, 6-1 katika seti ya kwanza, kisha akapoteza tatu zilizofuata. Mwaka 2010 John Isner na Nicolas Mahut walifika 70-68 katika seti ya tano ya raundi ya kwanza. Siku hizi seti ya mwisho ikifika 6-6 inachezwa taibreki ya pointi 10, kanuni iliyoanza 2022, kwa hiyo mechi kama ile haitajirudia, lakini nafasi ya asiye kinara kuponyoka imebaki.

Rekodi ya kukutana kwao awali ipe uzito mdogo. Mechi mbili za udongo za miaka minne iliyopita hazikuambii kitu.

## Hatua ya 5: Kagua mwili

Tafuta habari za wiki tatu zilizopita: nani alijitoa katikati ya mechi, nani aliomba matibabu, nani alifuta mazoezi. Mwaka 2024 bingwa mtetezi Marketa Vondrousova alianguka Berlin na kuumia nyonga, kisha akatolewa raundi ya kwanza Wimbledon na Jessica Bouzas Maneiro, 6-4, 6-2. Taarifa ilikuwa wazi kwa kila aliyetafuta.

Usiamini kwamba mgonjwa hataingia uwanjani. Kanuni iliyoanza 2018 inamruhusu aliyeumia kujitoa mapema na kupata nusu ya fedha ya raundi ya kwanza, na wengi huitumia. Bado wapo wanaojaribu bahati yao. Dalili kubwa ni mchezaji aliyejitoa kwenye mashindano ya wiki iliyotangulia bila maelezo ya kueleweka na hajaonekana akifanya mazoezi.

Toa pointi 3 kwa shaka, 8 kwa jeraha lililothibitishwa. Ukiona unataka kutoa zaidi ya hapo, iache mechi hiyo. Hujui unachotabiri.

## Hatua ya 6: Angalia uwanja na ratiba

Mechi za viwanja vya nje huanza saa 5 asubuhi za London, yaani saa 7 mchana za Afrika Mashariki. Uwanja Namba 1 huanza saa 9 alasiri zetu, na Uwanja wa Kati saa 9 na nusu.

Siku mbili za kwanza nyasi ni mbichi na zinateleza, zaidi paa linapofungwa na unyevu kubaki ndani. Tarehe 29 Juni 2021, kwenye Uwanja wa Kati, Serena Williams na Adrian Mannarino wote walianguka na kushindwa kuendelea na mechi zao. Mchezaji mzito wa miguu, au anayerudi kutoka jeraha la goti, ana mzigo wa ziada siku hizo. Toa pointi 1 au 2, si zaidi.

Anayetumia njia hii kwingine abadilishe hatua hii yote. Madrid iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 650 hivi, na Kigali, yenye mashindano ya ATP Challenger (ngazi iliyo chini ya mashindano makuu ya ATP) tangu 2024, iko kwenye takriban mita 1,500. Huko hewa nyepesi inaupeleka mpira haraka, na swali linakuwa nani anaweza kuuweka ndani ya mistari.

## Hatua ya 7: Funga asilimia yako

Jumlisha marekebisho yote. Yasipite pointi 10 kwa jumla, kwa sababu mambo mengi uliyoyaona yanarudiana: asiye na mechi za nyasi mara nyingi ni yuleyule mwenye jeraha, nawe umeshamkata mara mbili.

Mfano. Mchezaji A ni kinara, Elo yake ya nyasi inamzidi B kwa alama 150. Hiyo ni asilimia 70, na kwa seti tano inakuwa 74. A hajacheza nyasi mwaka huu: toa 5. B ametoka kwenye mchujo: toa 3. Unabaki na 66.

Sasa ndipo utazame bei za kampuni za ubashiri, kamwe usizitazame kabla. Bei ya 1.33 kwa A na 3.40 kwa B ukizigeuza (1 gawanya kwa bei) ni asilimia 75.2 na 29.4. Jumla ni 104.6, na hizo 4.6 za ziada ni faida ya kampuni. Gawanya 75.2 kwa 104.6 upate 72. Soko linasema 72, wewe unasema 66. Rudi kwenye sababu zako mbili uzikague. Zikisimama, baki na 66. Tofauti ikizidi 12, kwa kawaida kuna habari umeikosa.

Matokeo ya seti yatabiri kwa unyenyekevu. Mwanamume mwenye asilimia 66 ana nafasi ya takriban asilimia 20 tu ya kushinda 3-0, 25 ya 3-1, na 21 ya 3-2. Ukiandika "atamfunga seti tatu kavu", umechagua jambo linalotokea mara moja katika tano.

Onyo kwa wapenda mikeka: vinara wanane wenye asilimia 80 kila mmoja, ukiwaunganisha, wana nafasi ya asilimia 17 ya kushinda wote. Hapo ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea. Hakuna uchambuzi unaoweza kuiokoa hesabu hiyo.

## Hatua ya 8: Andika uchambuzi

Maneno 150 hadi 200 kwa mechi yanatosha. Anza na kile kitakachoamua mechi, kwa mfano sevu ya pili ya A dhidi ya urudishaji wa B. Fuata na utayari wa nyasi wa wote wawili, pamoja na tarehe na alama za mechi zao za Juni. Kisha eleza ni nini kingekufanya ubadili mawazo: "Sevu ya kwanza ya A ikiingia chini ya asilimia 55 kwenye seti ya kwanza, B ana mechi." Malizia na asilimia.

Wasifu wa mchezaji, mahali alipozaliwa na mataji ya zamani uviache, isipokuwa vinaathiri mechi hii.

*Umefanikiwa ikiwa:* msomaji anayeipinga asilimia yako anaweza kuonyesha ni hatua gani hasa anaipinga.

## Hatua ya 9: Jipime, kisha ingia raundi ya pili

Kwa kila mechi, andika asilimia yako kama desimali. Aliyempa A 0.66, na A akashinda, anakosa 0.34. Zidisha kwa yenyewe: 0.12. A akishindwa, kosa ni 0.66, na ukilizidisha unapata 0.44. Tafuta wastani wa mechi zote. Anayejibu 50 kwa 50 kila mara hupata 0.25, kwa hiyo wastani wako lazima uwe chini ya hapo. Ukiuzidi, sababu ya kawaida ni kujiamini mno: 85 nyingi ambazo zilistahili 70. Mechi 12 hazitoshi kukuhukumu. Endelea na jedwali hilohilo hadi zifike 100.

Mechi ambayo mtu amejitoa katikati iweke kando, usiihesabu.

Kwa raundi ya pili usianze upya. Chukua asilimia ya kuanzia ya hatua ya 2, futa marekebisho ya kukosa mechi za nyasi kwa kila aliyeshinda, maana sasa ameshacheza moja. Badala yake angalia dakika alizokaa uwanjani. Mwanamume aliyemaliza seti tano zaidi ya saa tatu na nusu na anarudi baada ya siku moja ya mapumziko hupunguziwa 3. Kama mvua ilikatisha mechi yake ikamalizika kesho yake, mpunguzie 5. Angalia pia droo ya wachezaji wawili wawili, kwa sababu mtu aliyecheza mechi hiyo jana jioni hakupumzika kama ratiba ya mchezaji mmoja mmoja inavyoonyesha.